Kipande cha Tano

Kisu cha mashine kinanyoa ubongo wa panya
katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Vipande vinatoka vyembamba kushinda ganda la kitunguu,
nami navipokea kwa brashi, kimoja kimoja,
navilaza juu ya kioo, napumua pembeni.
Pumzi moja tu, na asubuhi nzima imekunjamana.

Nje, Pécs imejifunika theluji chafu ya Februari.
Ng'ambo ya barabara, hospitalini, ghorofa ya tatu,
mama yangu Etelka yu macho,
nyonga yake imefungwa kwa misumari minne.

Tunachotafuta ni kijenzi kimoja cha lango.
Lango lenyewe ni protini tano zilizobanana
kuzunguka tundu katika ngozi ya seli.
Gaba ikibisha hodi, tundu linafunguka,
kloridi inamiminika ndani,
na seli iliyokuwa ikipayuka inanyamaza.
Ndivyo ubongo unavyojiambia: basi, yatosha.

Mama nilimweleza hayo kwa lugha ya kiwanda,
maana miaka thelathini na mmoja alishona glavu
za ngozi laini ya mwanambuzi.
"Vipande vitano?" akasema. "Glavu hiyo."
Kisha, kwa dharau ya fundi:
"Vidole vinne hukatwa pamoja.
Gumba hukatwa peke yake, kwa masalio,
na gumba ndilo linaloharibu kazi."

Gumba letu linaitwa epsiloni.

Wiki nne filamu ilikaa gizani.
Gamba la ubongo: tupu.
Hipokampasi, ile tunayoisifia kila mkutano: tupu.
Zsombor, mkuu wa maabara, aliinua picha dirishani,
akasema tumepiga picha ya ukungu.
Nikaichukua kabla haijafika pipani
na usiku, chini ya hadubini, nikateremka
hadi shina la ubongo, kando ya kijibwawa cha maji,
na hapo, kulia na kushoto, vijidoa viwili vyeusi
kama vitobo vya sindano iliyopita bila uzi.

Doa la samawati. Kilatini kililipa jina hilo
kabla mtu yeyote hajajua kazi yake.
Seli chache mno, ungezidharau,
ndizo zipigazo mbiu kichwani: amka, kaa macho, sikiliza.
Ilikuwa saa tisa usiku. Nilicheka peke yangu.

Ukilipandikiza lango la namna hiyo kwenye yai la chura,
ukalichoma kwa sindano mbili za kioo, utaona vioja:
linafunguka lenyewe, hodi haijapigwa.
Vidonge vya wasiwasi vinazunguka mlangoni, havioni kiti.
Na dawa ya nusukaputi?
Wengine wamepima, wanasema inapita kama upepo.
Wengine wamepima vilevile, wanasema si kweli.
Tunagombana kwa adabu, kisha tunakunywa kahawa.

Tihamér, daktari wa ganzi, ameandika kwenye faili:
"Mgonjwa hajibu dozi ya kawaida."
Najua. Panya si mama.
Doa si sababu, na mimi si daktari wake.
Hata hivyo nililisoma sentensi ile mara tatu
kama barua iliyoandikwa kwangu.

"Ndani yangu," mama aliniuliza, "kuna nani asiyelala?"
Nilikuwa na jibu lenye herufi ya Kigiriki.
Nikasema, "Sijui, mama,"
nalo lilikuwa kweli zaidi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini chaweza kumkesheza mtu.

Kulipokaribia kucha kope zake zilishuka.
Kinywa kilifunguka kidogo. Mashine ikapunguza kelele.
Gumba la kulia lilikuwa bado linasogea juu ya shuka,
likisukuma sindano isiyokuwepo
ndani ya ngozi isiyokuwepo,
nami nikahesabu: mshono, mshono, mshono.
Muuguzi alipochungulia
nilimwonyesha kidole mdomoni.